Kipepeo Gani?

Mvuvi wa pwani hakwambii tu kwamba amevua samaki. Atakutajia changu, tasi, pono au jodari. Lakini mwulize mtu yule mdudu wa manjano anayepita kando ya njia ni nani, atakujibu: kipepeo. Basi. Tunaowala tumewapa majina, na wanaotulia mazao pia: viwavijeshi wanajulikana na kila mkulima wa mahindi. Kipepeo amebaki na jina la ukoo tu.

Jina lenyewe ni zuri. Limetokana na kupepea, na ndilo hilohilo la kifaa cha kupepelea makaa. Ngeli ndiyo inayowatenga: kipepeo huyu, kipepeo hiki.

Huyu wa manjano mara nyingi ni mmoja wa wawili. Mkubwa, mwenye mabawa ya upana wa sentimita 6 hivi, arukaye kwa kasi, ni Catopsilia florella. Jike aghalabu ni la manjano; dume ni jeupe lenye ukijani kwa mbali. Hutaga kwenye mijohoro na mimea ya jamii yake. Mdogo, wa sentimita 4 hivi, apepeaye chinichini juu ya nyasi, ni Eurema. Akitua hufumba mabawa, usiuone ukingo wake mweusi mpaka aruke tena. Kiangazi ukingo huo hufifia na chini ya bawa hutokea alama za kahawia, ukamdhani mwingine. Mmoja wa jamii hiyo mwanasayansi Linnaeus alimwita hecabe mwaka 1758, kwa jina la malkia wa Troy. Ni jina la heshima, ila halikuelekezi pa kumtafuta.

Neno linaloniumiza zaidi ni pupa, jina tunalomwita kiwavi anayegeuka kuwa kipepeo. Kwa Kilatini ni mwanasesere. Kwetu ni haraka yenye tamaa. Nimemtazama mmoja mjohoroni: kijani kama jani, kichwa kimechongoka, mkia umenata kijitini, na uzi wa hariri umemfunga kiunoni kama mkanda. Hatikisiki kabisa. Pupa gani hiyo? Hata hivyo neno limeshakita mizizi. Huko Gede, Kenya, kwenye Mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga pupa wa kuuzwa ng'ambo. Siling'oi.

Ninachoomba ni majina ya hawa wawili. Napendekeza kipepeo-mjohoro na kipepeo-nyasi, kila jina likitaja makao ya mwenyewe. Na ikiwa bibi yako ana jina lake la tangu zamani, hilo litangulie. Mwulize, uliandike.