Mkufu wa Nyanya

Dadangu alinipigia simu Alhamisi usiku. Bintiye alikuwa anatimiza miaka saba Jumamosi, na yule jamaa wa mazingaombwe waliyekuwa wameelewana naye alikuwa ameongeza bei dakika ya mwisho. "Wewe si unajua zile vitu zako za sarafu? Njoo tu utuokoe."

Ukweli ni kwamba ninajua viinimacho viwili tu. Cha kwanza ni cha sarafu. Unashika shilingi ishirini kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unakuja kana kwamba unaichukua, kidole gumba kikipita nyuma yake. Hapo hapo unaiachia idondoke kwenye kiganja cha kushoto, na mkono wa kulia unafunga ngumi ukiwa mtupu na kwenda zake. Siri yenyewe iko machoni. Lazima wewe mwenyewe uitazame ile ngumi tupu, kwa sababu watoto hutazama unakotazama.

Nilijifunza hicho kwa ajili ya deni la zamani. Nikiwa darasa la tatu, mwanamume mmoja mwenye koti jeusi alikuja shuleni kwetu, tukalipa shilingi kumi kila mtu, akatoa sarafu kwenye sikio la mwalimu wa zamu. Wiki nzima baadaye tuliambizana kwamba ana jini. Mwenzetu mmoja alipewa sarafu mojawapo akakataa kuitumia. Aliizika nyuma ya vyoo. Nilitaka tu kujua tulikuwa tunaogopa nini.

Kiswahili, kwa bahati, kinakiri mapema. Neno lenyewe ni kiinimacho, kwa hivyo tangu mwanzo unaambiwa kwamba jambo hili linafanyika kwenye jicho lako. Hata hivyo tulizika sarafu.

Mambo haya ni ya kale sana. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeishi karibu miaka 2000 iliyopita, anataja katika barua zake mchezo wa vikombe na vijiwe, ule ambao kijiwe unakiona kikiingia chini ya kikombe hiki halafu kinatokea chini ya kile. Anasema raha yake ni kudanganywa kwenyewe, na ukimwonyesha siri, hamu inamwisha. Ndugu wa mchezo huo bado wako mjini Nairobi. Simama karibu na stendi ya matatu siku ya mwisho wa mwezi utawaona na karata zao tatu, na jina lao linasema yote: pata potea.

Lakini kiinimacho changu cha pili ndicho kilichonifanya nisome historia. Kinatumia shanga tatu kubwa na kamba mbili. Unakunja kila kamba katikati, unaziweka zikutane pale zilipokunjwa, halafu unazifunga pamoja kwa uzi mwembamba sana. Unavisha shanga juu yake, moja ikifunika kile kifundo. Anayetazama anadhani ni kamba mbili zilizopita moja kwa moja ndani ya shanga. Kisha unachukua ncha moja kutoka kila upande, unazipishanisha na kuzifunga fundo moja la kawaida, na kuwapa watu wawili washike ncha zote. Wanavuta. Uzi unakatika ndani, shanga zinaanguka mkononi mwako, kamba ziko nzima. Waingereza wanauita mchezo huu mkufu wa nyanya.

Kitabu kimoja cha zamani sana kinachoeleza namna ya kuufanya kilichapishwa Uingereza mwaka 1584. Mwandishi wake, Reginald Scot, alikuwa bwana wa mashambani kutoka Kent. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu kuhusu kilimo cha hopsi, ule mmea wa kutia ladha kwenye bia. Ungedhani mtu kama huyo anaandika mazingaombwe kwa kujifurahisha. La. Kitabu kinaitwa The Discoverie of Witchcraft, na aliandika akiwa na hasira.

Miaka miwili kabla, mwaka 1582, katika kijiji cha St Osyth, Essex, mwanamke aitwaye Ursula Kemp alishtakiwa kwa uchawi. Alikuwa mkunga na mganga wa kienyeji, mtu wa kuitwa mtoto anapougua. Ugomvi wa majirani ulipoingia, ule uganga ukageuka ushahidi. Miongoni mwa waliotoa habari dhidi yake alikuwa mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka kama minane. Ursula alinyongwa pamoja na mwenzake, Elizabeth Bennet.

Scot alitazama kesi za namna hii akaona jambo moja: wanaoshtakiwa wengi ni wanawake, wazee, maskini, watu wa kuomba maziwa kwa jirani na kunung'unika wakinyimwa. Akajiuliza, watu wanaaminije kwamba mama kama huyu anaweza kuua ng'ombe kwa maneno? Sehemu ya jibu lake ilikuwa kwenda kujifunza mazingaombwe kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa akiishi London, kisha kuandika siri zote: sarafu, karata, shanga, kisu kinachopita ulimini. Hata kile cha kukata kichwa cha mtu na kukiweka kwenye sahani. Kwa hicho unahitaji meza yenye matundu mawili na watu wawili, mmoja ameinamisha kichwa chake ndani ya tundu, mwenzake yuko chini ya meza na kichwa chake kimetokeza kwenye lile lingine.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Ikiwa jamaa wa sokoni anaweza kukufanya uape kwamba umeona kichwa kimekatwa, basi macho yako si shahidi wa kumnyonga mtu. Na aliomba radhi pia, kwa kuwa alijua anawaharibia kazi maskini waliokula kwa michezo hiyo. Mimi kipande hicho kilinigusa kuliko vingine.

Kitabu hakikushinda. Mwaka 1597 Mfalme James wa Scotland alichapisha kitabu chake, Daemonologie, na humo akamshambulia Scot kwa jina. Mwaka 1603 mfalme huyo huyo akatawazwa Uingereza, na mwaka 1604 sheria ya uchawi ikafanywa kali zaidi. Scot hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki mwaka 1599.

Tusidhani pia kwamba kila mwenye kujua siri hutumia ujuzi huo kuwatoa watu hofu. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin, bingwa wa mazingaombwe, kwenda Algeria ilikokuwa imetawala kwa mabavu. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha Waalgeria kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko viongozi wao wa dini. Alimwita mwanamume mwenye misuli apande jukwaani ainue kisanduku kidogo. Kikainuka. Akamwambia amemnyang'anya nguvu zake, ajaribu tena. Kikagoma. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Ni kiinimacho kilekile cha bathdei, ila nyuma yake kuna jeshi.

Na hapa kwetu? Sheria yetu ya Uchawi ni ya mwaka 1925, enzi za mkoloni. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, lakini pia ni kosa kumtuhumu mtu uchawi ovyo, bila kupeleka habari kwa polisi, chifu au mkuu mwingine anayehusika. Mwaka 1932 mahakama iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Ukambani kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyesema amemroga mke wa mmoja wao. Hukumu hiyo ilipunguzwa baadaye. Kijijini waliona wamejilinda, na kortini ikaitwa mauaji. Yule mama hakuwepo kusema lolote.

Ningependa kukuambia kwamba hayo ni ya kale. Mzee mmoja wa ukoo wetu, upande wa Ganze, alianza kupaka nywele rangi nyeusi akiwa na miaka sabini na kitu. Tulipoenda likizo tulimcheka, tukamwita bishoo. Akacheka na sisi. Ni mamangu aliyetuambia kwenye basi tukirudi: huku, mvi zinaua. Mzee ana shamba, vijana wanalitaka, mtoto wa mtu anaugua, na mara jina lake linatajwa msibani. Kule Kilifi kuna wazee waliokimbia kwao wakapata hifadhi Kaya Godoma. Wengine hawakuwahi kukimbia. Kisii nako wazee wamechomwa moto. Mtu aliyesimama pale na kiberiti anaweza kukuapia kwamba aliona kwa macho yake.

Basi Jumamosi nikaenda na shanga zangu. Baluni, keki, muziki juu, watoto kama ishirini wamekaa kwenye mkeka. Sarafu ikapotea vizuri. Kwa ile kamba nilihitaji watu wawili, nikamwita mwenye bathdei na nyanya yake, yaani mamangu, ambaye siku hizi kichwa chake ni cheupe kama pamba. Wakavuta. Shanga zikaanguka. Watoto wakapiga kelele.

Halafu kijana mmoja mdogo, shati limejaa krimu ya keki, akamnyooshea mamangu kidole. "Shosho ni mchawi!"

Watu wazima walicheka. Mamangu pia alicheka, ila alichelewa kidogo.

Mwanamazingaombwe hafichui siri, hiyo ndiyo sheria yao, na Scot alijua anaivunja. Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikachukua kamba, nikazikunja, nikawaonyesha uzi mwembamba, kifundo, shanga ya katikati. Nikamwita yule kijana afunge mwenyewe. Ilimchukua mara nne. Mara ya tano shanga zilimwangukia mapajani.

"Kumbe ni uzi tu," akasema, kwa masikitiko kidogo.

"Ni uzi tu," mamangu akamjibu, akamwomba amfundishe na yeye.