Msitu wa Awali na Makaa Yaliyo Chini Yake

Msitu ulioota tena baada ya kufyekwa huitwa msitu wa upili. Ule ambao haukufyekwa una majina matatu katika Kiswahili: msitu wa asili, msitu bikira na msitu wa awali, nayo hayabebi maana moja. Kwa maofisa misitu wetu, msitu wa asili ni ule ambao miti yake haikupandwa, tofauti na shamba la misaji au misindano. Kwa hiyo hata msitu wa upili unaweza kuwa wa asili. Bikira linadai kwamba hakuna mtu aliyewahi kuugusa. Awali ndilo linalokaribiana na tafsiri ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo: msitu uliojiotea wenyewe, wa miti ya kienyeji, usio na dalili zinazoonekana wazi za shughuli za watu, na ambao mwenendo wake wa kiikolojia haujavurugwa sana.

Sisitizo liko kwenye “zinazoonekana wazi”, kwa sababu dalili nyingi zimefukiwa. Katika bonde la Kongo, sehemu nyingi ambazo leo zina miti mirefu, ukichimba shimo utakuta vipande vya makaa, vigae vya vyungu na kokwa za michikichi zilizoungua. Mchikichi unataka jua. Kivuli kizito haukiwezi. Penye kokwa zake nyingi palikuwa peupe, na penye vigae watu walipika na kula.

Nani alipafanya pawe peupe? Chavua iliyotuama kwenye tope la Ziwa Barombi Mbo, Kameruni, inaonyesha kwamba miaka 2600 hivi iliyopita msitu ulirudi nyuma na nyasi zikachukua nafasi, kisha miaka kama 600 baadaye msitu ukarejea. Mwaka 2012 Germain Bayon na wenzake, waliopima tope la baharini mbele ya mdomo wa Mto Kongo, walisema miamba na udongo wa bonde lile vilianza kumeng'enyuka zaidi kuliko mvua peke yake inavyoweza kueleza, wakawataja wakulima Wabantu. Mwaka 2018 Yannick Garcin na wenzake walipima nta ya majani, inayohifadhi alama za mvua ya zamani, katika tope la Barombi Mbo, na hawakuona badiliko la mvua linalolingana na kupotea kwa msitu. Jean Maley, kwa upande wake, ameshikilia kwamba maji ya Ghuba ya Guinea yalipata joto na kiangazi kikawa kikali zaidi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni punje za uwele. Zimepatikana kusini mwa Kameruni, zikiwa zimeungua, za karne chache kabla ya Kristo. Uwele haukomai vizuri pasipo kiangazi cha kueleweka, na leo eneo hilo ni la mvua nyingi. Basi punje hizo zinatoa ushahidi wa pande zote mbili: palikuwa na kiangazi, na palikuwa na mkulima aliyekitumia. Kwa maoni yangu, swali la “tabianchi au binadamu” limeulizwa vibaya. Kiangazi kiliweza kuufungua msitu. Moto na shoka vikauzuia usijifunge. Na hao wakulima si watu wa mbali nasi: walisema lugha za ukoo uleule uliozaa Kiswahili.

Mambo hayakuishia kale. Mvule ni mfano wa miti ambayo miche yake haiinukii kivulini. Utafiti wa mwaka 2017 kaskazini mwa bonde la Kongo ulionyesha kwamba miti mingi mikubwa inayopenda mwanga ina umri wa miaka kama 165, yaani ilichipua katika karne ya 19, kwenye nchi iliyokuwa na uwazi, kabla watu hawajapungua na kuhamishiwa kando ya barabara za wakoloni.

Ndiyo maana nakataa “bikira”, na “awali” nalitumia kwa masharti: linaeleza hali ya sasa, halielezi historia. Pale ambapo umri wa miti ndio hoja, “msitu mkongwe” linatosha. Jina lina matokeo. Mashariki mwa Kongo, Batwa waliondolewa katika misitu yao ya Kahuzi-Biega baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1970, kana kwamba msitu na wakazi wake havikai pamoja. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, uliitaka serikali iwaombe radhi na kuwarudishia ardhi yao.