Asili ya Shule ya Bweni, na Faida Yake Kwetu

Yafaa vijana wa Tarime na Serengeti wajue ya kuwa bweni na kiranja ni desturi zilizotoka mbali. Huko Uingereza, katika shule ya Rugby, Thomas Arnold alikuwa mwalimu mkuu tangu mwaka wa 1828 hata 1842. Yeye aliwapa wanafunzi wa darasa la juu madaraka ya kuwaangalia wadogo wao, kwa maana alitaka shule ijenge tabia njema kwanza, elimu ya kichwa ifuate. Shule nyingi ziliiga mfano huo, na Waingereza walipoitawala Tanganyika walikuja nao.

Mwaka wa 1925 Serikali yao ilifungua shule ya Tabora, kusudi wana wa machifu wafundishwe mambo ya utawala. Wavulana walilala mabwenini, wakatii viranja, wakajifunza Kiingereza. Katika mkoa wetu wa Mara, Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alianza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934. Mwaka wa 1937 akaingia Tabora, akakaa huko hata 1942. Basi shule iliyowekwa ili kuwasaidia watawala ndiyo iliyomlea mtu aliyeiongoza nchi kupata uhuru mwaka wa 1961.

Naye hakuisifu tu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka wa 1967, Mwalimu Nyerere alionya ya kwamba shule za namna hiyo humtenga kijana na jamaa zake, hata akaidharau kazi ya mikono ya wazazi wake. Baadaye, kwa mpango ulioanza mwaka wa 2004, sekondari za kata zikaenea, na watoto wengi wakapata kusoma mchana na kulala kwao.

Hayo ni mema. Lakini huku kwetu kuna jambo la kupima. Miongoni mwa Wakurya na baadhi ya jirani zao, binti akisha kukeketwa huhesabiwa kuwa mtu mzima. Wako wanaomwoza upesi, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini, na masomo yake yakakoma. Sheria ya mwaka wa 1998 yakataza kumkeketa binti asiyetimiza miaka 18, wala desturi haijaisha. Kwa binti huyo bweni si mahali pa kutengwa na jamaa, ni ngome.

Tena tazameni kalenda. Shule hufungwa mwezi wa Desemba, nao ndio mwezi ambao ngariba hupata kazi nyingi. Ngome hufungwa wakati adui yuko mlangoni! Ndiyo maana Masanga katika Tarime, na Mugumu katika Serengeti, ziliwekwa nyumba za kuwapokea mabinti wanaokimbia.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na viongozi: tunapohesabu madarasa, tuhesabu na vitanda vya mabinti, na panapokuwa na hatari, likizo isiwe sababu ya kumtoa binti katika ulinzi. Hata hivyo onyo la Mwalimu lingali kweli, kwani mtoto ni wa nyumbani. Kazi iliyo kubwa kuliko kujenga mabweni ni kuzitengeneza nyumba zetu, hata binti afunge sanduku lake mwezi wa Desemba na kushika njia ya kwao bila hofu.