Bokali, hewa na mikrobi: historia iliyo nyuma ya konfitiri zetu



Siku hizi bokali zimejaa katika magrupe yetu ya WhatsApp. Huyu anauza konfitiri ya marakuja, yule tomati ya kusaga, na mwingine ameanza kutia maharagi yaliyopikwa, hata sombe, ndani ya bokali na kuandika juu yake: "inakaa mwaka mzima". Mimi kama mutu wa agronomia ninafurahi, juu kila mmoja wetu ameshaona tomati inaoza kando ya barabara wakati kamyo imekwama kwa matope. Lakini hiyo bokali ya maharagi inanitia woga, na sababu ya woga wangu iko ndani ya historia.

Muulize mutu kwa nini chakula hakiozi ndani ya bokali. Atakujibu: "Juu hewa imetoka." Jibu hilo lina miaka zaidi ya 200. Lilitolewa na mwanasayansi mkubwa wa Ufaransa, na ndilo linaloweza kuua mteja wako.

Tuanzie kwa Nicolas Appert. Alizaliwa mwaka 1749 kule Châlons, mtoto wa mwenye hoteli, na akakuwa fundi wa vitu vitamu Paris. Hakupita kwenye fakulte yoyote. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alifungwa gerezani, akatoka salama (wengi wa wakati ule hawakutoka), kiisha akaanza kazi ya majaribio karibu na mwaka 1795. Alikuwa anachukua chupa nzito za shampanye, anatia ndani mbaazi, nyama, supu, maziwa, anafunga kwa kizibo na waya, anafunika kila chupa na kitambaa ili zisigongane, kiisha anazichemsha ndani ya sufuria kubwa ya maji. Muda wa kuchemsha aliutafuta kwa kujaribu tu, chakula kwa chakula, miaka na miaka. Alijenga kiwanda chake Massy, karibu na Paris.

Mwaka 1810 serikali ilimwambia achague: apate brevet na kuficha ujuzi wake, ao apokee franka 12,000 na kuandika kila kitu ndani ya kitabu. Alichagua kitabu. Kilitoka mwaka ule ule, na mama yeyote aliyeweza kusoma Kifaransa aliweza kufanya nyumbani kile Appert alikuwa anafanya kiwandani. Kwa upande wangu, hapo ndipo historia ya bokali ya nyumbani inaanza. Yeye mwenyewe hakutajirika. Majeshi yaliyovamia Ufaransa mwaka 1814 na 1815 yaliharibu kiwanda chake, na mwaka 1841 alikufa maskini, akazikwa katika kaburi la watu wote.

Sasa, wakati kitabu kinatoka, wakubwa walitaka kujua sababu. Mkemia Joseph Gay-Lussac alipima hewa iliyobaki ndani ya chupa za Appert, akakuta oksijeni imepotea. Akasema: basi, chakula kinaoza juu ya oksijeni, ondoa oksijeni, hakitaoza. Ilionekana wazi kabisa. Mtambo ulifanya kazi, mwanasayansi amepima, nani angebisha? Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1860, Louis Pasteur aonyeshe kwamba kinachoozesha ni viumbe vidogo sana, na kwamba kazi ya Appert ilifaulu juu ya moto. Hewa haikuwa sababu. Kizibo kilikuwa kinazuia tu mikrobi nyingine zisiingie baadaye.

Kati ya hizo tarehe mbili watu walilipa bei. Waingereza walitoa chupa wakaweka mukebe wa chuma: brevet ya Peter Durand ni ya mwaka 1810, na kufika mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin kilikuwa kinauzia jeshi la majini nyama ya mikebe. Mambo yalienda vizuri mpaka wafanyabiashara wakataka mikebe mikubwa zaidi, ili faida ikue. Mwaka 1852 mikebe mamia ya mtu mmoja aliyeitwa Stephen Goldner ilifunguliwa bandarini mbele ya wakaguzi, na mingi ilikuwa imeoza, harufu ya kukimbiza watu. Mikebe ilikuwa imefungwa vizuri. Hewa hakuna. Lakini moto haukufika katikati ya nyama. Kama unabadilisha bokali ya nusu lita kwa ile ya lita mbili na unaacha dakika zile zile, unarudia kosa la Goldner.

Bokali yenyewe, ile ya kifuniko cha kuzungusha, tunaidai John Landis Mason, fundi wa bati wa New York. Tarehe 30 Novemba 1858 alipata brevet ya bokali yenye nyuzi shingoni, na tarehe hiyo ilichapwa juu ya kioo miaka mingi sana hata baada ya haki yake kuisha. Wajerumani walileta bokali ya Weck mwaka 1900, yenye kifuniko cha kioo na duara la mpira.

Huo mpira nisiupite haraka. Bila duara la kauchu bokali za wakati ule hazifungi. Na kati ya 1890 na 1908 kauchu nyingi iliyouzwa Antwerp ilitoka msituni kwetu, katika nchi ya Léopold II, kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa Kongo anaijua. Mali ile ilienda zaidi kwa magurudumu ya baiskeli na ya gari, na siwezi kusema duara fulani la bokali lilitoka Équateur. Lakini wakati babu zetu walikuwa wanakatwa mikono, huko Ulaya mpira ulikuwa kitu cha jikoni.

Ni katika Ubelgiji hiyo hiyo, Desemba 1895, ndipo jibu la Gay-Lussac lilivunjika kabisa. Kijijini Ellezelles, wanamuziki wa fanfare walipiga kwa mazishi, kiisha wakaketi kula jambo, yaani paja la nguruwe lililolala ndani ya maji ya chumvi. Walioshikwa na ugonjwa walianza kuona vitu viwili viwili, kope zikaanguka, kumeza kukawa shida. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem wa Ghent alichukua nyama ile na viungo vya maiti, akakuta mikrobi moja ya ajabu: haitaki hewa. Ukiipa oksijeni haikui. Ukiifungia fasi isiyo na hewa, inastarehe na kutoa sumu kali kuliko karibu sumu zote tunazozijua. Leo inaitwa Clostridium botulinum, na ugonjwa wake botulismu.

Muone hapo: bokali iliyofungwa vizuri, bila hewa, ndiyo nyumba yake. Na kuna ubaya zaidi. Mikrobi hiyo inajificha ndani ya mbegu ngumu, spora, zinazokaa udongoni, kwa hiyo ziko juu ya maharagi, karoti, uyoga na sombe. Mwaka 1922 watafiti Esty na Meyer, kule California, walionyesha kwamba spora zinaweza kuvumilia maji ya degre 100 kwa zaidi ya saa tano. Kwa degre 120 zinakufa kwa dakika chache tu. Degre 120 haipatikani ndani ya sufuria ya kawaida, hata uchome gunia zima la makala, inahitaji presio. Ndiyo maana tangu mwaka 1917 wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa inasema: nyama, samaki, maharagi na mboga visivyo na ukali, ni kwa sufuria ya presio peke yake.

Sasa ongeza mlima. Maji yanachemka kwa degre 100 Matadi ao Mombasa. Kila ukipanda mita 300 hivi, unapoteza degre moja. Goma na Bukavu tuko karibu mita 1,500: maji yetu yanachemka kwa degre 95. Butembo ni chini zaidi ya hapo. Resepti unayoishusha kwenye intaneti imeandikwa kwa mutu wa usawa wa bahari.

Kwa nini basi konfitiri ya mama haijaua mutu? Juu ya asidi na sukari. Spora haiwezi kuamka kama pH iko 4.6 ao chini. Marakuja, nanasi, ndimu, pilipili ndani ya siki: hivyo vyote vinaweza kuchemshwa kwa maji tu. Tomati iko mpakani, aina nyingine zinapita 4.6, kwa hiyo tunatia asidi: kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu ya chupa ya dukani kwa nusu lita, juu ndimu ya mtini ukali wake unabadilika. Tomati ya kusaga iliyotiwa moto kwanza, bokali ya nusu lita, inachemshwa dakika 35 usawa wa bahari. Kwetu ni 45.

Kutayarisha bokali ni kazi ndogo lakini usiidharau. Pitisha kidole polepole kwa mdomo wa kioo; kama umevunjika hata kidogo, itumie kwa chumvi. Osha kwa sabuni, uiache ndani ya maji ya moto mpaka wakati wa kujaza, juu kioo baridi na tomati ya moto havipatani. Acha nafasi ya santimetre moja na nusu juu, pangusa mdomo, funga kwa nguvu za vidole tu. Maji yafunike bokali zote, na dakika zihesabiwe kuanzia pale maji yanachemka kweli. Kifuniko cha zamani cha mayonezi chenye kutu ao mpira uliokauka, tupa.

Kwa maharagi, hesabu ni nyingine: dakika 75 kwa nusu lita, ndani ya sufuria kubwa ya presio yenye kipimo, kwa presio ya livre 15 juu ya milima yetu wakati usawa wa bahari 10 zinatosha. Kokoti ndogo ya jikoni, ile ya kupiga filimbi, haifai. Inapata moto na kupoa haraka mno kwa hesabu hizo. Nani kati yetu ameshaona sufuria ya namna hiyo inauzwa Goma, Bukavu ao Beni, na kwa bei gani? Mpaka ipatikane, maharagi tuyakaushe. Na kama uliyanunua tayari ndani ya bokali, yachemshe dakika 15 kamili kabla ya kula, hata kama hayana harufu yoyote: sumu hiyo hainuki.