Kabla ya Geneva: safari ya sheria ya bangi hadi Ziwa Tanganyika

Tarehe 19 Februari 2025 ilitimia miaka 100 tangu wajumbe wa mataifa watie saini mjini Geneva mkataba ulioiingiza bangi kwa mara ya kwanza katika udhibiti wa dunia nzima. Hapa Kigoma siku hiyo ilipita kimya. Hata hivyo, adhabu ya kifungo cha miaka 30 inayomsubiri leo mkulima wa bangi katika nchi yetu ilianza safari yake kwenye meza ile. Na ukipanda meli Kigoma ukashuka Mpulungu, upande wa Zambia, unaingia katika nchi ambayo tangu mwaka 2021 ina sheria ya kuulima mmea huohuo kwa leseni.

Ujiji tumezoea kusimulia habari za Livingstone na mwembe wake. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, waliofika Februari 1858, nao wana mnara wao palepale. Ila katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton aliandika pia kwamba katika nchi alizopita bangi ilikuwa ikiota mbele ya milango ya nyumba, na watu waliivuta kwa viko vikubwa vya maji. Hakuiona kama uhalifu. Mwanajiografia wa Marekani, Chris Duvall, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu mizizi ya bangi barani Afrika, anaeleza kwamba mmea ulivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia ya Kusini karne nyingi zilizopita, ukaingia bara kwa njia za biashara. Anasisitiza jambo ambalo waandishi wengi hulipita: wavutaji wakubwa walikuwa watu wa kazi ngumu, wapagazi, mabaharia na watumwa, waliotafuta namna ya kustahimili mizigo na njaa. Njia kuu ya wapagazi hao iliishia hapa kwetu, Ujiji.

Kisa cha ajabu kuliko vyote kilitokea magharibi ya ziwa, katika nchi ya Kasai, Kongo ya leo, kwa watu walioitwa Bashilange. Mjerumani Hermann von Wissmann alifika kwao pamoja na mwenzake Paul Pogge mwaka 1881, akaandika kirefu. Alimkuta mtawala aitwaye Kalamba Mukenge, ambaye pamoja na dada yake Sangula Meta alikuwa akiongoza mageuzi makubwa. Wafuasi wao walijiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi, na nchi yao waliiita Lubuku, urafiki.

Kalamba alitunga sheria ya kilevi, tena kali. Pombe ya mchikichi ilipigwa marufuku. Mtu wa Kigoma, anayejua mchikichi unavyolisha nyumba zetu, atapima mwenyewe uzito wa amri ile. Hirizi na sanamu za uganga zilichomwa moto. Silaha hazikuruhusiwa kuingizwa kijijini. Vijiji vilivyozoea kupigana vilifanywa kuwa ndugu, na undugu huo ulithibitishwa jioni kwa kuvuta bangi pamoja katika kibuyu kikubwa kilichozungushwa kutoka mkono hadi mkono. Aliyekosa alihukumiwa kuvuta viko vingi mfululizo hadi azimie, kisha aamke akiwa amesamehewa.

Wazee wa mila ya zamani walipinga. Waliona heshima yao imevunjwa, pombe yao imemwagwa, na vijana wanatawala. Wissmann mwenyewe alikuwa na sababu za kuusifia utaratibu ule, kwa kuwa ulimfungulia njia na kumpa watu wa msafara, kwa hiyo sifa zake tuzipime. Pia Lubuku haikuwa pepo: Kalamba alipata bunduki na nguvu kupitia biashara ya pembe za ndovu, na waliokataa kujiunga naye walionja nguvu hizo. Hata hivyo ushahidi unabaki. Miaka zaidi ya 40 kabla ya Geneva, Waafrika wa bara walijadili kilevi kipi kinawadhuru na kipi wakiruhusu, wakagombana, wakaamua wenyewe. Walikosea mahali, walipatia mahali, lakini uamuzi ulikuwa wao. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa katika historia hii yote, na sijaona likifundishwa katika shule zetu.

Kalamba na watu wake waliwasindikiza Wajerumani hao hadi Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mwezi Aprili 1882. Hapo Pogge alirudi nao, naye Wissmann akaendelea mashariki hadi ziwani, akavuka, akakata nchi hadi Saadani pwani, Novemba mwaka huohuo. Baadaye alirudi kama kamanda aliyezima upinzani wa Abushiri dhidi ya Wajerumani huko pwani, kisha akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina la mkewe lilipewa meli, Hedwig von Wissmann, iliyotembea ziwa letu hadi Waingereza walipoizamisha Februari 1916. Kalamba, aliyempa msafara, aliishia kugombana na utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mwaka 1903 utawala huo ukapiga marufuku bangi katika Kongo yote.

Geneva, kwa kweli, bangi haikuwa kwenye ajenda. Mkutano ulioanza Novemba 1924 uliitishwa kwa ajili ya kasumba, mofini na kokeini. Afrika Kusini ndiyo iliyokwisha kuandika barua mwaka 1923 ikitaka bangi iongezwe. Kisha mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisimama akadai kwamba hashishi ndiyo inayojaza hospitali za wendawazimu nchini mwake. Wajumbe wengi hawakuwa wamejiandaa kumjibu. India ilieleza kwamba kwake kuna mila na dini zinazotumia mmea huo. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, haikuwa na mtu wake wa kueleza lolote.

Baada ya hapo sheria zilifuatana. Sheria ya kikoloni ya kuzuia kilimo cha mimea yenye madhara ilirithiwa na nchi huru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 uliiweka bangi katika jedwali moja kali pamoja na heroini. Tukatunga sheria mwaka 1995, nyingine mwaka 2015, iliyokazwa zaidi mwaka 2017.

Dunia nayo ikaanza kugeuka. Desemba 2020 nchi wanachama wa kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ziliiondoa bangi katika jedwali hilo kwa kura 27 dhidi ya 25. Malawi ilipitisha sheria yake ya kuruhusu kilimo cha bangi mwaka 2020, Rwanda ikaruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, Zambia ikafuata. Nchini Kenya, mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alipeleka hoja ya kuihalalisha bangi mwaka 2018 na akafariki mwaka uliofuata kabla haijafika popote. Bungeni Dodoma, Joseph Kasheku Msukuma wa Geita aliligusa jambo hilo mwaka 2019, na sheria ikabaki ilivyo.

Sisemi tuige. Thailand ilifungua milango mwaka 2022 na ikaanza kuifunga mwaka 2025. Zambia ilipotangaza mpango wake mwaka 2019, ada ya leseni iliyotajwa ilikuwa dola 250,000 kwa mwaka. Hakuna mkulima wa Kasulu au Uvinza anayeweza kuilipa. Mageuzi ya namna hiyo yanamtoa mnyonge gerezani na kumwacha nje ya geti la shamba la tajiri. Pia bangi inaharibu akili za vijana wengine, nasi tunawajua.

Lakini nchi hii inaweza kubadili mawazo ikitaka. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, hatua ambayo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinaiogopa, na waathirika wakaanza kutibiwa kama wagonjwa. Moyo huohuo haujawahi kumfikia mkulima mdogo wa bangi, anayepewa kifungo kirefu kuliko wezi wengi wa mali ya umma.

Wabunge wa Kigoma wanaweza kuomba Kamati ya Bunge ifanye kikao cha wazi hapa, iwasikilize wakulima, waganga wa hospitali, mahakimu, polisi na wazazi waliopoteza watoto kwa ulevi, kisha ipime kama miaka 30 kwa shamba la bangi ni haki. Waliombe hilo katika Bunge hili, wasisubiri mkataba mwingine uandikwe ugenini.