Kulehemu

Huko Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na Fizi milimani, ambako fundi aungaye fremu ya baiskeli husemwa kuwa anasude, kwa athari ya Kifaransa, yafaa tulienzi pia neno kulehemu, lenye nasaba moja na neno la Kiarabu la nyama. Kwani vyuma viwili, vikiyeyuka pamoja na kuganda, hushikana mithili ya jeraha lililopona. Hata nuru ya leza, inapounganisha vyuma, hutii maana hiyo ya kuyeyusha na kushikamanisha: hisabati ya chanzo cha joto kinachosafiri, aliyoifafanua mtaalamu Daniel Rosenthal mwaka 1946, huonyesha jinsi joto linavyotawanyika; na joto lisiloyeyusha kiungo, bali likatawanyika kandoni, kwa sehemu kubwa ni hasara, na aghalabu hukipinda chuma. Basi kulehemu kwa ufanisi ni kutia joto la kutosha, wala si la kuzidi.