Stakabadhi ya Mikuo

Mkulima wa korosho wa Kibiti hahitaji kufundishwa karatasi inayosimama badala ya mali. Anapeleka magunia kwenye chama cha msingi, yanapimwa, yanapangwa daraja, yanaingia ghalani, naye anabaki na karatasi: kilo ngapi, daraja gani, ghala lipi. Ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, wenye Sheria Na. 10 ya mwaka 2005, na umelitoa neno stakabadhi kwenye makabati ya wahasibu ukalileta barazani, kuanzia Bungu hadi Mbwera.

Neno hilohilo ndilo ninalolitaka kwa kile kinachoitwa siku hizi "cheti cha dhahabu": karatasi ya benki inayosema kwamba mwenye nayo ana dhahabu kiasi fulani katika hazina yake. Cheti tunacho cha kuzaliwa, cha ndoa, cha darasa la saba. Kinashuhudia jambo lililokwisha kutokea, na nguvu yake ni mhuri. Stakabadhi inashuhudia kitu kilichopokelewa, kipo mahali, na kinadaiwa. Dhahabu yenyewe tuiite mikuo, yaani madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Magazeti yamezoea "matofali ya dhahabu". Yanaeleweka, ila tofali ni la kujengea.

Tofauti hii inaonekana wazi kwa wapelelezi wa kujitolea wa mtandaoni. Picha ya karatasi ya mamilioni ya dola ikivuja, wanakuza mhuri, wanalinganisha sahihi, wanabishana juu ya umbo la herufi usiku kucha. Wameambiwa ni cheti, basi wanachunguza cheti.

Historia ya delta ya Rufiji, hukohuko Kibiti, inaonyesha jinsi sura ya karatasi inavyopotosha. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikoko ya Rufiji mpaka ilipomalizwa Julai 11, 1915. Waingereza walikuwa wameifunga pwani, na noti kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Benki ya koloni la Kijerumani ikaanza mwaka 1915 kuchapa humuhumu nchini noti za muda za rupia, kwa karatasi ya aina yoyote iliyopatikana. Za mwaka 1917 zilipigwa kwa herufi za mpira. Ukiiona moja leo utaapa ni kazi ya mtoto wa shule, kumbe ni halisi. Karatasi za matapeli ndizo zenye nakshi, tai na utepe mwekundu.

Stakabadhi huulizwa maswali mengine. Kwanza, ghala ni la nani na je, linatambua namba hii? Pili, mikuo ipi? Mkuo unaokubalika katika soko la London una uzito wa kati ya wakia 350 na 430 za dhahabu, wakia moja ikiwa gramu 31.1. Usafi wake haupungui sehemu 995 kwa 1,000, nao umepigwa namba yake, alama ya msafishaji na mwaka. Kama mikuo yako imetengwa kwa jina lako, orodha ya namba hizo ipo. Kama haikutengwa, wewe ni mdai wa benki tu. Ikifilisika, unapanga foleni na wadai wengine. Karatasi nyingi halali ni za aina hii ya pili, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sauti kubwa.

Tatu, hesabu inaingia akilini? Marekani, inayoongoza duniani kwa akiba, ina tani 8,100 na kidogo. Karatasi ya mtu binafsi inayodai tani 10,000 haihitaji darubini. Mwaka 2012 polisi wa Italia walikamata, huko Zurich, hati bandia za dhamana za Marekani zenye thamani ya maandishi ya dola trilioni 6, zikidai kuwa za mwaka 1934. Mwaka huohuo wa 1934 Marekani ilichapa kweli hati za dhahabu za dola 100,000, zenye picha ya Rais Woodrow Wilson, lakini kwa matumizi ya benki za Hifadhi ya Shirikisho peke yake. Raia hakupewa hata moja. Ukijua hilo, mjadala wa wino umekwisha.

Matapeli nao wamelinusa neno. Wanatoa "stakabadhi ya hifadhi" kutoka kampuni isiyo na ghala, kisha wanaomba ada ya kuachilia mzigo. Kwa hiyo jina jipya halimkingi mtu asiyeuliza. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, tafuta mwenyewe namba ya simu ya benki iliyotajwa, usitumie iliyoandikwa juu yake, na usitume hata senti kabla benki haijakujibu.